Upande wa Nne

Papa, baba yetu, alikuwa anasafisha pande tatu tu. Mwisho wa kiangazi, kabla ya kuchoma shamba, tulifyeka ukanda wa hatua kama sita kwenye upande wa chini unaopakana na njia, upande wa migomba ya bibi, na upande wa jirani. Tuling'oa majani mpaka udongo ukabaki mtupu, kisha tukaufagia kwa matawi, kama mtu anavyofagia uwanja kabla ya wageni kufika. Upande wa nne, ule wa juu ambapo shamba liligusa pori, hatukuugusa. Huko ndiko sisi watoto tulikopumzika siku ya moto. Tulikaa ndani ya pori, migongo kwenye miti yenye ndevu za kuvu, tukauangalia moto ukipanda kilima kutufuata. Hatukuogopa. Ulikuwa ukifika kwenye majani ya kwanza ya pori unapunguza sauti, unatoa moshi mweupe, unazimika wenyewe. Nguo zetu zilikuwa zinarudi nyumbani zimelowa matakoni kwa kukaa chini.

Kilima chetu kiko juu ya Kalembe, pale eneo la Masisi linapoishia na la Walikale linapoanza. Niliondoka huko nikiwa na diploma ya sekondari na begi moja. Miaka mingine niliondoka kwa sababu ya risasi, kama watu wote, lakini nisidanganye: mara nyingi niliondoka kwa sababu miguu yangu haijui kukaa. Nilibeba jibini kutoka Karuba mpaka barabara kubwa. Nilichunga ng'ombe wa watu. Nilifundisha darasa la tatu Bihambwe kwa mwaka mmoja usiotimia. Niliuza sabuni na chumvi kwenye vijiji vya wachimbaji, ndani kabisa ya Walikale. Kila mahali nilipolala, nililala nikifikiria pori la nyumbani, ukungu wake na ubaridi wake wa asubuhi. Sikurudi kuliangalia. Nililibeba tu.

Mwaka juzi nilipata kazi ya miezi mitatu. Watu wa mradi mmoja walikuwa wanatafuta mtu anayejua vijia na anayeweza kuandika kwa Kifaransa kinachosomeka. Walitaka kujua kama mabadiliko ya hali ya hewa yanaufanya moto uingie kwenye mapori ambayo zamani hayakuungua. Niliwabebea mashine ya kuonyesha mahali, nikajaza fishi zao, zile karatasi za maswali, na nikajifunza. Nilijifunza kwamba majivu meupe yanaonyesha moto uliokaa sana na meusi yanaonyesha uliopita haraka. Nilijifunza kuangalia shina: weusi hupanda juu zaidi upande ambao moto ulikuwa unaelekea, kwa hiyo mti ulioungua unakuambia moto ulitoka wapi. Nilijifunza kuchimba kwa panga chini ya majani makavu ili kuona kama udongo wenyewe uliungua. Kazi yote ilikuwa upande wa chini wa Walikale, mbali na kwetu. Ilipoisha, nilibaki huko, nikarudia chumvi na sabuni.

Ni huko dada yangu aliponipigia simu, mwezi wa nane mwaka jana. Yeye ni mkubwa wangu. Mume wake alikufa, na yeye akabaki analima lile shamba la Papa, ambalo Papa mwenyewe, siku ya ndoa, alilitoa litumike na dada na mume wake. Kwa hiyo ukoo wa mume unalihesabu kuwa lao kidogo, na sisi tunalihesabu kuwa letu kidogo, na dada yangu ndiye anayelitolea jasho. Aliniambia amefyeka, vichaka vimekauka, anataka kuchoma apande maharagi mvua ikianza. Aliniambia pia kwamba watu wanamshauri afyeke upande wa juu, na yuko peke yake, mgongo unamuuma. Akaniuliza nafikiri nini.

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi. Nilicheka. Nilimkumbusha nguo zetu zilivyokuwa zinalowa. Nikamwambia Papa hakufyeka upande ule hata siku moja, na pori halijawahi kumdai kitu. Nilimwambia achome tu. Alishukuru. Nilisikia kwenye sauti yake kwamba nimempunguzia kazi ya siku tatu, na nikafurahi.

Habari ya moto ilinifikia baada ya wiki mbili, kwa mwendesha pikipiki aliyepita Kalembe. Alisema pori la juu limeungua siku nne, na ukoo wa mume wa dada yangu unataka shamba, kwa kuwa mtu asiyeweza kuutunza moto wake hawezi kupewa ardhi. Dada hakunipigia. Nilifunga mzigo siku ileile.

Nilitembea siku mbili. Nilipopanda kutoka Kalembe, nilikuwa nangoja ile saa ya asubuhi ambapo njia inaingia kwenye ukungu na unaanza kusikia matone hata kama mvua hainyeshi. Saa ile haikufika. Nilipanda kwenye mwanga mkali mpaka juu, nikitoka jasho, na nilipofika kwenye kona ambayo zamani ilikuwa na giza mchana, niliona mbingu kati ya miti. Miti ilikuwa imesimama, mingi yake, lakini bila majani, na chini yake kila kitu kilikuwa na rangi moja. Nilitafuta mahali pa kukaa sikupata. Nilisimama muda mrefu. Hakukuwa na ndege. Mti mmoja ulianguka mahali fulani upande wa kulia, bila upepo, kwa sababu mizizi yake ilikuwa imeliwa na moto chini kwa chini.

Dada alinipokea vizuri. Alinipa maji ya kuoga, akapika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akauliza habari za njia. Hakutaja simu yetu, na mimi sikuitaja. Alikuwa na kovu jipya kwenye mkono, nyama bado nyekundu. Majirani waliniambia alipigana na moto kwa matawi siku ya kwanza yote, mpaka wakamtoa kwa nguvu.

Shefu wa kijiji alikuja kesho yake. Ni mtu wa umri wangu, tulisoma pamoja shule ya msingi. Alikuwa na shida yake: baraza ilikuwa imepangwa siku ya tatu, na hakutaka iwe makelele ya koo mbili. Alikuwa amesikia kazi niliyofanya.

"Weye njo ulipima moto ya bazungu," aliniambia. "Pima na ya kwetu. Enda na shemeji yako, muone pamoja, murudi mutuambie. Na usiangalie kama iko dada yako."

Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu, na ndiye aliyekuwa anadai shamba kwa sauti kubwa. Nilitegemea mtu mbaya. Nilimkuta ni mtu aliyechoka. Mizinga yake ya nyuki, ile aliyoachiwa na baba yake na aliyoongeza mwenyewe, ilikuwa juu ya miti ile, na yote imekwisha. Chemchemi ambayo mama yake anachota maji, iliyokuwa ndani ya pori, sasa inatoa maji kama mkojo wa mtoto. Aliyasema hayo bila hasira, tukitembea, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Niliangalia mashina, na mashina yalisema moto ulipanda kutoka kwa dada yangu. Hilo hakuna aliyelikataa. Nilichimba. Kwenye pori la utoto wangu, ukichimba chini ya majani unakuta kitu cheusi kama kahawa iliyokamuliwa, na maji yanakufuata kwenye panga. Sasa nilichimba viganja viwili nikakuta majivu, mepesi, ya rangi ya unga. Udongo wa majani, ule unaotengenezwa na miaka isiyohesabika, uliungua kama tumbaku ndani ya kiko, polepole, bila ndimi za moto. Nilimwonyesha shemeji. Alichukua majivu kidogo, akayapuliza, yakaondoka.

Nilianza kumweleza. Nilimwambia joto limeongezeka kila mahali, kiangazi kimerefuka, mvua ya kwanza imechelewa, na pori likikaa wiki nyingi bila ukungu linakuwa kuni. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nasema kwa bidii, kwa sababu niliona katika kweli hiyo njia ya kumtoa dada yangu. Mtu hawezi kunyang'anywa shamba kwa sababu ya jua. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tunajua," alisema. "Ukungu siku izi inakuja saa kumi na mbili, saa moja imekwisha kwenda. Kwani unafikiri tulikuwa wapi?"

Halafu akaniomba nimfuate. Tulitembea kwenye ukingo wa pori, kutoka shamba hadi shamba, nusu saa nzima. Mashamba saba au nane yanapakana na pori kwenye kilima kile. Kila moja lilikuwa limechomwa mwezi uleule, chini ya jua lilelile. Na kila moja, upande wa juu, lilikuwa na ukanda uliofyekwa, mpana, umefagiwa mpaka udongo, na pori nyuma yake lilikuwa zima. Niliuliza walianza lini. Alifikiria. Alisema hakumbuki mwaka, lakini ni baada ya wazee wawili kuona moto umeingia pori hatua ishirini na kuzimwa kwa shida. Tangu hapo kila mtu anafyeka pande nne. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mtu alimwona jirani yake akifanya, naye akafanya.

"Dada yako pia alikuwa anafyeka," alisema. "Kaka yangu akiwa muzima, walikuwa wanafyeka bote wawili. Hii mwaka tu njo hakufyeka. Tulimuuliza juu ya nini hakufyeka, akanyamaza."

Nilikaa chini hapohapo. Nilimwambia nimechoka na njia. Kumbe nilikuwa nimempa ushauri juu ya pori lisilokuwepo. Wale watu wa mradi, nilipokuwa nao, walikuwa na tabia ya kuniuliza: zamani hapa palikuwaje? Waliniandika kama mtu anayejua zamani. Na mimi nilijibu kila mara bila kusita, nikiona fahari. Waliobaki kwenye kilima hawakuwa na pori la kumbukumbu, walikuwa na pori la jana na la leo, na walibadilika nalo kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi, siku mbili za mguu kutoka huko, nikatoa amri kwa jina la Papa, mtu aliyekwisha kufa.

Baraza ilifanyika mbele ya kanisa, watu wamekaa kwenye viti vya ndani vilivyotolewa nje. Dada alikaa na wanawake, kitenge chake kimefunika ule mkono. Shefu alinipa neno. Nilisimama nikaeleza majivu, mashina, udongo. Nilieleza hali ya hewa. Nilisema vizuri, naamini. Nina sauti ya mwalimu bado. Watu waliitikia kwa vichwa. Niliona ingewezekana kuketi pale na mambo yakaisha nusu nusu.

Shemeji hakusimama hata. Alisema akiwa amekaa:

"Jua iliwakia batu wote. Mbona moto iliingia kwa mumoja?"

Watu walimgeukia dada yangu. Alikuwa anaangalia chini. Kimya kile nilikifahamu, ni cha nyumbani kwetu, cha Mama. Nikajua hatajibu leo wala kesho, na shamba litaondoka akiwa amenyamaza hivyohivyo.

Nilisema ni mimi. Nilisema alinipigia simu akaniuliza, na nilimwambia asifyeke, kwa sababu Papa hakufyeka. Nilisema sikuuliza ukungu unashuka saa ngapi, sikuuliza majirani wanafanya nini. Nilisema nilicheka.

 Halafu mama mmoja mzee, anayetuuzia chikwange, mikate ya muhogo, tangu tukiwa watoto, alitikisa kichwa chake.

"Kumbe tulikuwa tunatafuta mwenye moto hapa, na yeye iko Walikale na chumvi yake," alisema. "Siku izi hata moto inapita mu telefone."

Walicheka, na shefu naye akacheka, na hata mimi nilitabasamu, nikiwa nimesimama peke yangu katikati yao. Dada hakucheka. Alikuwa ameinua uso na kunitazama, na sikuweza kusoma ule uso.

Wazee waliingia ndani ya kanisa wakakaa huko saa nzima. Walipotoka, shefu alitangaza. Dada abaki na shamba, kwa kuwa aliuliza kabla ya kuchoma, na aliyeulizwa ni mtu wa ukoo wake. Lakini aliyetoa neno la kuchoma akae hapa mpaka kuchoma kunakofuata, na siku hiyo asimame upande wa juu, kati ya moto na pori, mpaka uzimike. Akiondoka kabla ya hapo, shamba linarudi kwa ukoo wa mume. Mizinga, shemeji na mimi tutaichonga pamoja. Nilisimama nikasema nitakaa mpaka tuchome.

Baadhi ya watu walitabasamu waliposikia. Wananijua. Mwaka mzima mahali pamoja: ingekuwa rahisi zaidi kwangu kuchonga mizinga mia.

Tulirudi nyumbani njia ya chini, dada mbele. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja, siku zile zote, watu wakimsema. 

"Ningekutaja, wangekuita, na weye ungeona haya," alisema. "Halafu ungeacha kunipigia. Sina mwingine mwenye ananipigia."

 Tangu asubuhi nilikuwa najiona mtu aliyejitoa kwa ajili ya dada yake. Nilianza kuhesabu kichwani ni mara ngapi nilimpigia mwaka ule. Hazikufika nne.

Nilikaa. Nilijenga kibanda kwenye ukingo wa juu, kwa sababu nyumba ya dada ni ndogo na kwa sababu hatukujua kukaa pamoja. Tulikuwa tumezoea kuzungumza kwa simu, dakika mbili tatu, kwa furaha. Ana kwa ana tulikosa la kusema. Aliniletea chakula, akaweka kwenye jiwe, akauliza kama nina chumvi. Mchana nilichonga mizinga na shemeji, ambaye anaongea zaidi na mbao kuliko na watu. Mizinga ya kwanza tuliipandisha kwenye miti iliyopona, mbali, na nyuki hawakuja. Alisema watakuja au hawatakuja.

Miti iliyoungua iliendelea kuanguka miezi mingi. Ilianguka mchana mtulivu, mmoja leo, mwingine baada ya wiki. Nilianza kuandika kwenye daftari saa ambayo ukungu unafika na saa unapoondoka, na kila siku nilichimba mahali palepale, ndani ya sehemu ya pori iliyobaki, nikashika udongo. Hakuna aliyenituma. Miguu yangu iliwasha. Mara mbili nilifunga begi. Mara moja nilifika mpaka chini, Kalembe, nikanunua sigara ambayo sivuti, nikapanda tena. Nilipopita, dada alikuwa anapalilia. Aliona begi. Aliinamia jembe tena.

Kiangazi cha mwaka huu kilianza mapema na kilikuwa kikali. Tulifyeka shamba, kisha ukanda: pande nne. Ule wa juu niliufanya mwenyewe, mpana mara mbili ya ule wa majirani, na shemeji alikuja kuutazama akasema hapo gari inaweza kupita. Majani yalilala chini yakakauka. Tulipanga kuchoma Jumatatu. Wazee wawili walisema watakuja kushuhudia.

Jumamosi mvua ilinyesha. Hakuna aliyeitegemea, mwezi wa nane ulikuwa haujafika hata nusu. Ilinyesha usiku na mchana, siku tatu, mvua ya mwezi wa kumi. Tulingoja jua lirudi, likarudi siku moja, kisha mvua tena. Majani yaliyofyekwa yalioza palepale yalipolala. Majirani waliokuwa bado hawajachoma walisimama kwenye ncha za mashamba yao na mikono nyuma. Mwisho dada alichukua jembe, akasogeza majani kando, akaanza kupanda maharagi kwenye udongo ambao haukuungua. Alisema mbegu haiwezi kungoja akili za mvua.

Shemeji alipanda kilima asubuhi ya pili, akatukuta wote wawili shambani. Alisalimia. Alisema wazee wamezungumza: mwaka umepita, nimekaa, watu wameona. Mvua si kosa la mtu. Kwao neno limekwisha, shamba ni la shemeji yao, dada yangu, na mimi niko huru. Alinipa mkono, akaongeza kwamba kwenye mzinga mmoja ameona nyuki, wachache, pengine wanapita tu. Kisha akashuka.

Dada aliendelea na mstari wake mpaka mwisho. Aligeuka, akaanza mwingine, akirudi upande wangu. Alipokaribia alisimama, akaegemea jembe.

"Ulisema utakaa mupaka tuchome," alisema.

"Hatujachoma," nilimjibu.

Alinitazama kidogo, kama anavyotazama mbingu siku hizi, bila kuiamini. Halafu akainama. Nilichukua mbegu kwenye kikapu chake, nikaenda kuanzia upande mwingine wa shamba, mbali naye, na tulipanda hivyo mpaka mchana, mvua nyembamba ikitupiga migongoni.